Babu aliyepotelea "Bama" (Burma, leo Myanmar): jinsi jina lake lilivyopatikana

Kila tulipoandika jina la babu kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, majibu yalikuwa sifuri. Makarani wa jeshi waliandika jina walivyolisikia, na mara nyingi moja tu. Mwangi anaweza kuwa Muangi au Mwange.

Dawa ni kuacha jina wazi. Chagua Vita vya Pili, andika kikosi East African Artillery (kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki), kisha tarehe ya kifo: 12 Februari 1944. Siku hiyo meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na Rejimenti ya 301 ya kikosi hicho, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Baadhi ya waliodhaniwa kufia Bama hawakuwahi kufika huko.

Pakua orodha, ipange kwa alfabeti na usome kila jina kwa sauti. Sikio hunasa kilichokosewa na karani. Nakili namba ya jeshi, maana ndiyo isiyobadilika tahajia. Kaburi usilitafute: majina ya waliozama yameandikwa kwenye paneli za ukumbusho wa East Africa Memorial, ndani ya makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi.