Tonge la Siki

Nimetoka kula sushi, yale matonge ya wali na samaki ya Wajapani, pamoja na wifi yangu hapa Nyali, na kilichonikaa kichwani si samaki, ni wali. Mtu wa Mombasa ukimtajia mkahawa wa Kijapani huuliza jambo moja tu: ati kweli mtakula samaki mbichi? Hakuna anayeuliza wali umepikwaje, na sisi ndio tunaoweza kumsema bibi harusi mwaka mzima kwa sababu ya sufuria moja ya wali.

Mahali penyewe ni padogo. Meza chache, kaunta ya mbao, feni yenye kelele, jirani duka la dawa na fundi cherehani. Hakuna picha ya Mlima Fuji ukutani, na mimi hilo nimelipenda. Mpishi ni kijana wa Kilifi aliyejifunza kazi hotelini kabla ya kuja kufungua na wenzake.

Wifi alikuja shingo upande. "Mimi si paka, wifi," alianza tangu kwenye tuktuk. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kuna za tango na avokado. Tulipoketi, hata menyu hajaifungua, akamwita msichana wa kuhudumu: "Mwanangu, humu hamna pombe?" Msichana akaenda kumwita mpishi, naye akaja akifuta mikono. Akatueleza vizuri kuwa wali unatiwa siki ya mchele, sukari na chumvi, basi. Ila ile sosi nzito tamu inayopakwa juu ya samaki aitwaye mkunga ina mirin, na mirin ni kileo cha mchele, takriban asilimia 14. Mkunga tukamwacha. Wifi akaridhika, tena akanikumbusha kuwa siki Mtume mwenyewe aliisifu kwa kitoweo. Mikahawa mingi ukiuliza swali hilo hupewa "hakuna shida, mama" na mtu asiyejua hata chupa ina nini. Huyu alijua.

Nilitaka jodari. Kwenye menyu alikuwa amepigwa mstari kwa kalamu. Kusi imekaza, akasema, mashua ndogo hazifiki mbali, na jodari aliyempata sokoni alikuwa na siku zake kwenye barafu. "Wa kupaka ni mzuri, Bi, wa kula hivi hivi simpi mtu." Kilichobaki ni samoni wa Norwe, aliyeletwa amegandishwa. Hapo wifi akaona amenishinda: tumezungukwa na bahari, tunakula samaki wa barafu! Lakini kugandisha ndiko kunakoua minyoo. Kanuni za Marekani, kwa mfano, hutaka samaki wengi wa kuliwa wabichi wakae kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Tena Wajapani wenyewe samoni mbichi hawakuwa na mazoea naye. Wanorwe ndio waliokwenda kuwashawishi miaka ya 1980 kwa sababu walikuwa na samaki wengi wa kufugwa wanaotafuta soko.

Sahani zikaja. Hapo ndipo wali.

Huku kwetu wali mzuri ni ule ambao punje haimjui mwenzake. Wa sushi kinyume chake: mchele mfupi wenye wanga wa kunata, ukishaiva unanyunyiziwa ile siki tamu, unapinduliwa kwa mwiko huku ukipepewa, na unaletwa una uvuguvugu kidogo, si wa moto wala wa baridi. Mkono ukikaza, tonge linakuwa donge. Ukilegea, linamwagika kabla halijafika mdomoni. Wifi akaonja, akatafuna polepole jinsi anavyotafuna akiwa kwenye harusi ya watu asiowapenda, halafu akasema, "Umeshikana, lakini haukurojeka." Kumjua yeye, hiyo ni sifa.

Nikamweleza nilichowahi kusoma, kwamba zamani huo wali haukuliwa kabisa. Samaki alitiwa chumvi na kushindiliwa ndani ya wali, akaachwa miezi. Wali ukachacha, uchachu wake ukamzuia samaki asioze, na siku ya kula wali ukatupwa. Kando ya Ziwa Biwa bado wapo wanaotengeneza hivyo, wanaiita funazushi, na husemwa harufu yake si ya kila mtu. Baadaye watu wakaanza kula na wali, kisha wakaona kungoja kwa nini, si watie siki tu? Miaka ya 1820 mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, ndipo anapotajwa Hanaya Yohei, aliyeipa umaarufu namna hii ya kufinya tonge na kulaza kipande cha samaki juu. Iliuzwa vibandani, watu wakila kwa mkono wamesimama, kama sisi na viazi karai jioni.

"Kwa mkono?" Wifi alisikia hilo tu. Vijiti akaviweka kando, akaenda kunawa, na kuanzia hapo akawa mtu mwingine. Nikamwonyesha kugeuza tonge ili upande wa samaki ndio uguse sosi ya soya, maana wali ukilowa unasambaratika. Katika zile zinazoviringishwa kwa mwani, alizila za tango zote. Kwao ni upande wa Kwale, anawajua kina mama wa Kibuyuni wanaolima mwani baharini, ingawa huu wa karatasi nyeusi ni wa aina nyingine. Tangawizi ya siki aliitafuna yote peke yake, akaomba nyingine, akalalamika haina pilipili.

Pilipili aliipata kwenye wasabi, ule uji mzito wa kijani unaowekwa kando ya sahani. Nilimwonya, akapuuza, akachukua kiasi cha kidole. Ukali wake haukai ulimini, unapanda puani moja kwa moja, na wifi alishika meza kwa mikono miwili machozi yakimtoka, mpishi akicheka nyuma ya kaunta. Na hiyo wala si wasabi ya kweli. Mmea wenyewe hupenda maji baridi yanayotiririka na bei yake ni kali, kwa hiyo mikahawa mingi duniani hutumia mzizi mwingine mkali wa Ulaya, haradali na rangi ya kijani. Sikumwambia. Ameshateseka vya kutosha kwa ya bandia.

Bei si ya kila siku. Kwa tulicholipa tungekula biriani watu wanne na juisi ya ukwaju juu. Sahani nazo ni ndogo, na wali ule ukila bila haraka unashibisha, ukila kwa pupa unatoka bado unatafuta mishkaki. Supu yao ya miso, yaani ya soya iliyochachushwa, sikuipenda, ilikuwa chumvi tupu.

Wifi alifungiwa boksi moja ampelekee kaka yangu, kisha akaanza kujadiliana na mpishi habari za jodari. Kaskazi ikiingia bahari itatulia, na yeye ana mvuvi wake Mji wa Kale ambaye humpigia simu mashua ikigonga tu. Wamepeana nambari. Mpishi amekubali kumkata samaki huyo mbele yake, kwa sharti kwamba akimwona hafai atamrudisha, na wifi naye ameweka lake: wali upunguzwe sukari.