Jinsi ninavyowazoesha watoto kuisikia shwa ya Kiingereza

Mtoto aliyekulia kwenye Kiswahili ana irabu tano, na kila moja anaitamka kamili popote ilipo. Mkazo nao haumsumbui, kwa kuwa karibu kila neno huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kinamvuruga kote kuwili: mkazo unahamahama, na irabu iliyokosa mkazo mara nyingi inalegea ikawa shwa, ile inayoandikwa ə, kama e iliyopinduliwa. Kwa hiyo sianzi na shwa. Naanza na mkazo, maana asiyejua silabi nzito iko wapi hawezi kuisikia iliyolegea.

Makofi tuliyozoea kupiga kwa kila silabi hapa yanaharibu kazi. Yakilingana, sauti nazo zinalingana, na banana inatoka na a tatu za uzito mmoja. Siku hizi kofi ni la silabi yenye mkazo tu. Zilizobaki zinagongwa kwa kidole kiganjani. Banana inakuwa kidole, kofi, kidole. Anayebahatisha namwambia aliite neno kama anamwita mtu aliye mbali: silabi anayoivuta ndiyo yenyewe.

Kosa letu kubwa walimu ni kutamka polepole ili watoto wasikie vizuri. Ukipunguza kasi, shwa inapotea, kila irabu inarudi kuwa kamili, halafu unamlaumu mtoto kwa kutosikia kitu ambacho hukukitamka. Afadhali neno lisemwe kwa kasi ya kawaida ndani ya sentensi fupi, hata mara tano.

Kisha mgongo wa kiganja unawekwa chini ya kidevu. Kwa a ya Kiswahili, kidevu kinashuka na kusukuma mkono. Kwa a ya about hakishuki hivyo: mdomo wazi kidogo, ulimi umetulia katikati, midomo haijaviringwa wala kutanuliwa.

Maneno sita kwa kila kipindi cha dakika kumi yanatosha. Kwanza shwa ya mwanzoni: about, ago, alone, away. Halafu ya mwishoni: sofa, teacher, ruler, printer. Hapo Kiswahili chenyewe kinanisaidia. Ticha, rula na printa yaliingia kwa sikio, kutoka matamshi ya Kiingereza cha Uingereza yasiyoitoa r ya mwisho, na a ndiyo irabu yetu iliyokuwa karibu zaidi. Ni ya karibu tu, lakini. Mkono urudi kidevuni. Mwishowe nawaonyesha kwamba herufi zote tano za irabu zinaweza kuibeba: about, problem, pencil, lemon, circus.

Imla ndiyo inayoumiza, kwa sababu sikio halisemi ni herufi ipi. Kila neno tunalitamka kwa namna mbili, ya sikio na ya jicho. Lemon ya jicho inasomwa na o kamili, wakati wa kuandika tu. Neno ndugu, la shina moja, nalo hufichua herufi: o ya pili ya photograph ni shwa, ila katika photography mkazo unaiangukia na inasikika wazi, huku o ya kwanza ikilegea. Grammar inafichuliwa na grammatical.

Robot, rabbit na happy nayaweka kando mpaka baadaye. Silabi zake za mwisho hazina mkazo mkuu, lakini o ya pili ya robot haijalegea, na y ya happy inabaki karibu na i. Ukiyachanganya mapema, mtoto ataanza kuweka ə kila asipopiga kofi.