Chungwa, khanga na sidiria: nilivyowashawishi wenzangu wa kikoba wakapime matiti

Mi nauza sidiria za mtumba pale Sabasaba hapa Dodoma, huu mwaka wa kumi na moja, wengi wananiita mama Zawadi. Naandika hii kwa sababu ya mama yangu mdogo, na pia kuna kitu tumekifanya kwenye kikoba chetu kikafanikiwa, nikaona mwenzangu wa Kondoa au wa Kibaigwa anaweza kukichukua akakifanya kwake maana hela inayotumika ni kidogo sana.

Mama mdogo anaishi Mpwapwa. Ana miaka 51, kunyonyesha kaacha siku nyingi, mtoto wake wa mwisho kashamaliza fomu foo. Mwaka juzi mwezi wa tatu titi la kushoto likaanza kuwa la moto na kuvimba, akaenda zahanati wakamwambia ni jipu la titi, akapewa dozi ya siku saba. Likapoa kidogo likarudi. Akapewa dozi nyingine na sindano juu, hola. Yaani mpaka leo kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyemuuliza swali moja tu, mama wewe unanyonyesha? Maana jipu la titi sanasana ni la mama anayenyonyesha, sa mtu wa miaka 51 titi linawaka wiki ya sita dozi imeisha mara mbili na bado mnamwambia jipu!

Mi nilienda Mpwapwa kwa msiba, wiki ya saba hiyo. Usiku tunalala chumba kimoja akavua blauzi nikamuona. Kazi yangu mi ni kukadiria matiti kwa macho, mteja akisimama mezani kwangu najua huyu 36 huyu 40 kabla hajafungua mdomo, kwa hiyo niliona hapo hapo kwamba la kushoto limekua kuliko la kulia na halijakua kwa chini kama titi linavyokua, limekua lote. Rangi yake ndo ilinitisha. Watu wanasema "titi likiwa jekundu" lakini kwa ngozi yetu nyeusi usisubiri kuona wekundu, lake lilikuwa kama zambarau hivi, kama mahali palipogongwa damu ikavilia. Na ngozi ilikuwa na vitundu vitundu. Nikawasha tochi ya simu nikasogea karibu. Vitundu vile vile vya ganda la chungwa, lile chungwa la kijani kabla muuzaji hajalipitisha kisu, vile vidoti vilivyozama zama. Nikamuuliza linauma? Akasema "mwanangu haliumi sana, linawasha na ni zito." Nikamwambia mama kesho asubuhi tunaondoka wote.

Kwenye hospitali ya rufaa daktari alimpapasa muda mrefu, kwapani mpaka kwenye mfupa wa shingo, akasema hapati uvimbe wowote unaoshikika. Nikashusha pumzi nikajua tumepona. Akanikata kauli, akasema "dada, aina hii mara nyingi haina uvimbe." Akatuelezea kwamba kuna saratani ya titi inayokuja kama jipu, sio nyingi, lakini inakimbia sana, ndani ya wiki chache titi linabadilika. Vile vitundu vinatokea kwa sababu chembe za kansa zinaziba vijimirija vidogo vilivyo kwenye ngozi, maji yanakosa pa kupita ngozi inavimba, ila pale kwenye vinyweleo panabaki pamevutwa chini. Na akasema aina hii hata ukiiwahi vipi inahesabiwa hatua ya tatu kwa sababu kwenye ngozi imeshafika. Wakamchukua kinyama wakapeleka maabara, tukangoja majibu siku 19. Siku 19 hizo sitaki kuzielezea.

Kilichofuata nakipitisha haraka. Kwa aina yake hawaanzi na kisu, wanaanza na dripu za dawa kwanza, baadae upasuaji, halafu mionzi, na mionzi tulienda Ocean Road Dar. Titi limetolewa. Mama mdogo yupo, anapika mlenda wake, nywele zimerudi, kliniki anaenda. Namshukuru Mungu na naendelea kuomba.

Sasa mimi nikawa silali. Nina miaka 38, nimesikia habari za saratani ya matiti kila mwezi wa kumi, fulana za pinki, matembezi, na kitu pekee nilichokuwa nimekishika kichwani ni "jipapase utafute uvimbe". Mama mdogo alikuwa anajipapasa! Alikuwa anatafuta uvimbe hapati, basi anatulia. Ndo nikasema hili la kwamba dalili sio uvimbe peke yake lazima liwafikie wenzangu, maana sisi kikoba chetu tuko 27 na wote ni wa kutafuta riziki sokoni hatuna muda wa semina.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilisimama Jumapili kwenye kikao cha kuweka hisa nikaongea kama dakika kumi nikitaja kansa, kansa, kansa. Wakainamisha vichwa. Mmoja akasema "mama Zawadi usituletee mikosi", mwingine akaninong'oneza pembeni kwamba mama mdogo wangu amerogwa na jirani wa shamba, nimpeleke kwa mtaalamu. Sikugombana nae, na nyie msigombane na watu wa hivo, ni woga tu. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea.

Kilichonifungua macho ni meza yangu mwenyewe. Siku hiyo mama mmoja anachagua sidiria ananiambia tafuta yenye kikombe kimoja kikubwa, siku hizi upande wa kulia unanibana. Yaani wanawake wananiambia mambo ya matiti yao kila siku mezani na hawaoni aibu kwa sababu tunaongelea sidiria! Nikamuuliza taratibu, tangu lini? Matiti ya wengi hayalingani toka usichana na hiyo haina neno, ila kama yalikuwa sawa na miezi hii ndo upande mmoja umebadilika, hapo ukapime. Kuanzia siku hiyo nikawa na maswali yangu ya mezani. Sidiria yako inabana upande mmoja tu siku hizi? Ukiivua unakuta kidoa ndani, cha damu au cha majimaji, upande mmoja, na hujaminya chuchu? Chuchu yako imeanza kuingia ndani wakati zamani ilikuwa nje? (kama umezaliwa nayo ipo ndani usiogope.) Ukinyanyua mikono mbele ya kioo kuna mahali ngozi inabonyea kama imevutwa na uzi kwa ndani? Kwapani kuna kinundu? Na chungwa ninalo mezani, nalishika nawaonyesha vitundu. Hilo chungwa limefanya kazi kuliko bango lolote, mtu akishaliona halimtoki akilini.

Basi nikamfata nesi mmoja ninaemuuzia sidiria miaka yote, nikamuomba Jumapili moja aje kikobani awapime wenzangu kwa mkono. Akakubali, akasema ila sipimi mtu hadharani, tafuteni faragha. Tunakutana uani kwa mwenyekiti wetu Chang'ombe, hakuna chumba cha ziada. Nikachukua khanga zangu mbili doti nzima nikazifunga kwenye kamba ya kuanikia, kona ya ukuta, nikabana na vibanio chini nikaweka matofali upepo usipeperushe maana mnaijua Dodoma na upepo wake. Ndani kigoda na beseni la kunawa. Nikaingia mimi wa kwanza. Nilipotoka nikasema jamani ni dakika tano na hakuna sindano. Mwenyekiti akaingia. Baada ya hapo foleni ikajipanga yenyewe.

Nesi wakati anapima alikuwa anafundisha. Jiangalie siku ya 7 mpaka ya 10 toka hedhi ianze, maana kabla ya hapo matiti yanajaa na kuuma na utajitisha bure, na ulieacha kuona siku zako chagua tarehe moja ya mwezi ukae nayo. Tumia matumbo ya vidole vitatu sio ncha, sabuni bafuni inasaidia mkono kuteleza. Kisha akasema kujipapasa ni kulijua titi lako tu lilivyo kawaida, hakuchukui nafasi ya kupimwa na mtaalamu. Kwa dada mdogo ambae titi lake bado limejaa nyama ngumu altrasaundi ndo inaonyesha vizuri zaidi, ile picha ya mamografi inafaa zaidi kuanzia miaka 40 kwenda juu. Na ukiwa na dalili ya kuonekana kwa macho halafu picha imetoka safi, rudi ukaseme dalili bado ipo, usikubali kuachwa hapo. Uvimbe mwingi wa titi sio kansa, hilo alilirudia sana mpaka watu wakaanza kucheka kwa nafuu.

Kuna kijana wa boda alikuwa anamsubiri mama yake nje ya geti, akauliza kwa sauti ya chini eti na sie wanaume? Nesi akamjibu ndio, kama mmoja kati ya wagonjwa mia ni mwanaume, ukiona kinundu nyuma ya chuchu usione haya. Yule kijana aliondoka anajigusa kifua na hakuna aliyemcheka.

Siku ile walipimwa 19. Wanne wakaandikiwa wakaendelee na vipimo. Na hapa ndo mpango ulitaka kufa, maana siku mbili baadae wawili walikuwa hawajaenda popote. Nikawauliza, kumbe nauli, na kufunga biashara siku nzima, na bima hawana. Mfuko wa jamii wa kikoba upo, kila wiki tunaweka 1,000 kila mtu, ila katiba yetu inasema ni wa msiba, uzazi na kulazwa. Nikaomba kikao cha dharura nikasema hivi sisi tunamsubiri mtu afe ndo tumchangie? Kwa nini tusimtolee akiwa mzima anaenda kupima? Wakabishana, mweka hazina akapinga akihofia watu watajisingizia, tukakubaliana kwamba hela inatoka kwa cheti cha rufaa na anasindikizwa na mwenzie mmoja. Huyo wa kusindikiza ni muhimu kuliko hela, mnisikie. Mtu akiwa peke yake kwenye benchi akaona foleni imekuwa ndefu anarudi nyumbani.

Watatu walikuwa salama, mmoja ilikuwa kifuko cha maji tu, wengine wawili uvimbe usio na madhara. Wa nne ni dada anaeuza karanga na ubuyu jirani na meza yangu. Yeye hakuwa na uvimbe wala maumivu. Alikuwa na ukurutu kwenye chuchu moja, unakauka unabanduka magamba unawasha, ukipona unarudi, kapaka mafuta ya fangasi na ya mba miezi minane. Alidhani ni jasho la sidiria, na aliwahi kuniambia sidiria zako zinaniunguza nikambadilishia bure! Nesi aliona ni upande mmoja tu na umeanzia kwenye chuchu yenyewe, akasema hii sio ya kupaka mafuta. Kinyama kikachukuliwa, ikawa kweli ni saratani, ipo inayoanzia kwenye chuchu kwa sura ya ukurutu, ila yake ilikuwa bado changa. Amefanyiwa upasuaji mwezi wa nane. Mimi ndo nilimsindikiza, na mume wake alivyokuja kuniona wodini alinishika mkono hakusema kitu, akakaa chini akalia.

Mama mdogo alikuja Dodoma mwezi huo akaomba aende kumuona. Nikawaacha wawili. Nilivyorudi na uji nikamkuta kafungua vifungo anamuonyesha kovu lake, anamwambia "gusa mwanangu, limeshapona, hata lako litakuwa hivi."

Sasa vikoba vingine vimeanza kuniita. Tumeshaenda Nzuguni na Kikuyu, na yule nesi kamshawishi mwenzie mmoja wanapokezana. Jumapili hii tunaenda Hombolo, wamesema wana chumba cha kanisa lakini madirisha hayana mapazia. Khanga nimeshazifua, zipo kwenye kamba zinakauka.