Pauni ya Mama kwenye Mizani ya Sonara

Marehemu mama yangu hakuwa na imani na noti. Alizaliwa Unguja wakati wa rupia, akaziona rupia zikiondolewa mwaka 1936 zikaja shilingi za Afrika Mashariki, kisha mwaka 1966 shilingi hizo nazo zikazipisha za Tanzania. Pesa ya kofia zake yeye aliipeleka kwa sonara. Alikuwa mshonaji wa kofia za viua, na macho yake aliyamalizia kwenye vitundu vile vya sindano. Akilipwa, alitoa kwanza ya unga, mafuta na ada zetu za chuoni, kilichobaki akakifunga kwenye ncha ya kanga. Kikitimia, hununua pauni moja. Ilimchukua muda mrefu kuifikia moja, na nyengine zilimpita kwa ajili ya maradhi na misiba.

Pauni ninayoisema ni ile ya dhahabu ya Kiingereza, yenye kichwa cha mfalme au malkia upande mmoja, na upande wa pili mtu aliyepanda farasi anapambana na joka. Watu wa pwani wanazijua, kwani harusini zilivaliwa kifuani zikiwa zimepangwa kwenye mkufu. Ni dhahabu ya karati 22, yaani katika sehemu 24 zake 22 ni dhahabu safi, uzito wake gramu 7.99, na ndani yake dhahabu safi ni gramu 7.32, nyengine ni shaba ya kuipa ugumu. Hesabu hizi mama hakuzijua. Alichojua yeye ni kwamba akitaka kuuza, popote atakapokwenda, Mombasa, Dar es Salaam au Maskati, sonara ataitambua bila ya kuulizwa.

Alipofariki tuligawana kwa sharia. Zilikuwa pauni 20, kaka yetu akachukua 10, mimi na dada tukapata tano tano. Zikaongezeka na reale chache za Sham, zile za fedha zenye sura ya malkia mnene wa kifua. Zangu nikazifunga kwenye kitambaa na kuziweka mahali ambapo sitapataja hata leo.

Nilisomesha skuli za msingi mpaka nikafika miaka 60. Kiinua mgongo kilimalizia nyumba ya Kikwajuni, na hilo sijutii, maana mwalimu anayestaafu akiwa mpangaji ana kazi kubwa. Lakini pensheni ya kila mwezi ilikuwa ndogo, na kuna miezi ilichelewa mpaka nikawa nakopa duka la pembeni kwa daftari. Mtu aliyezoea kutoa huona haya kukopa mchele. Mwaka 2011 bati za nyumba zilikuwa zimeshaoza upande wa chumba cha wajukuu. Mvua ikinyesha tunasogeza vitanda na kutega ndoo. Ulikuwa mwezi wa Shaaban, Ramadhani iko mlangoni, na nyuma ya Ramadhani kuna Idi na nyuma ya Idi kuna mvua za vuli.

Mpwa wangu aliyeko Maskati alinipigia simu ya salamu za Shaaban. Akanambia huko watu wanamiminika kwa masonara na bangili zao, dhahabu imefika dola 1,600 kwa aunsi. "Khale, kama unazo zile za bibi, wakati ndio huu." Usiku ule sikulala vizuri.

Asubuhi nilikwenda kwa dada yangu. Ni mkubwa kwangu, na jambo la mali ya mama sikuweza kulifanya bila ya kumwambia. Akaniangalia kama mtu aliyesikia habari ya msiba.

"Mama alishona kofia miaka yote ile ukauze?"

"Dada, mama alishona ili tuuze."

"Aliziweka."

"Aliziweka akiba. Kaka alipotaka nauli ya kwenda kusoma, si aliuza mbili mwenyewe, kwa mkono wake? Ulikuwepo."

Alikuwepo. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Nilipoondoka akasema tu nisikubali bei ya kwanza. Naeleza mazungumzo haya kwa sababu nimewasikia wengi wanaosema kuuza dhahabu ya wazee ni kuwavunjia heshima, na mimi naamini kinyume chake. Mama hakuwa mtu wa mapambo. Pauni zile alizivaa harusi mbili tatu, tena kwa kuombwa. Kwake zilikuwa paa la nyumba ambalo bado halijajengwa.

Kabla ya kwenda kwa sonara nilitaka kujua mwenyewe ninachokipeleka. Pale Darajani nina jamaa anayeuza viungo, ana mizani ndogo ya kupimia zafarani, ambayo gramu yake huwezi kuifanyia mchezo kwa bei ilivyo. Nikazipima zote tano juu ya kile kisahani. Nne zilikuwa na vitanzi vilivyotiwa lehemu ili zipite kwenye mkufu, na ndiyo maana zilizidi gramu nane. Ya tano haikuwa na kitanzi. Nilipoigeuza upande wa pili, hapakuwa na farasi wala joka bali ngao yenye taji juu yake, na upande wa kichwa ni Malkia Victoria akiwa bado kijana. Zile za ngao ni za zamani zaidi, na wapo watu wanaozikusanya ambao hulipa zaidi ya bei ya dhahabu iliyomo, mradi haijatobolewa wala kutiwa moto. Hiyo nikaifunga peke yake nikairudisha ndani. Niliyoichagua kuuza ilikuwa ya Mfalme Edward, ya mwaka 1907, na juu ya tarehe, pale farasi anapokanyaga, ilikuwa na herufi P ndogo kama chembe ya mtama. Maana yake ilipigwa Perth, Australia. Herufi hiyo haiiongezei bei, zilipigwa nyingi, ila nilipenda kuwaza kwamba iliwahi kuvuka bahari yote ile mpaka kwenye ncha ya kanga ya mshona kofia wa Unguja.

Hesabu niliiandika kwenye daftari la skuli, kama nilivyokuwa nikiwaandikia watoto ubaoni. Aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1. Dola 1,600 ukizigawa kwa 31.1 unapata dola 51 na senti kwa gramu moja ya dhahabu safi. Mara 7.32 ni kama dola 376. Dola siku zile ilikuwa inakaribia shilingi 1,600, kwa hiyo thamani ya dhahabu iliyomo ndani ya pauni moja ilikuwa kama laki sita. Sonara naye lazima ale, hilo halina ubishi. Nikajiwekea kiwango: chini ya laki tano na nusu, narudi nayo nyumbani.

Duka la kwanza lilikuwa la kijana mwenye kioo kikubwa na taa nyingi. Sitalitaja. Aliitupa pauni kwenye mizani, kitanzi na yote, akabonyeza kikokotoo.

"Bi mkubwa, laki nne."

"Umeihesabu karati ngapi, mwanangu?"

"Hii kuukuu, sisi tunayeyusha. Kuukuu tunahesabu 18."

"Pauni ni 22."

"Kwa soko hilo, si kwangu." Kisha akanionesha bangili za Dubai, akasema nikikubali kubadilishana atanifanyia vizuri. Ndivyo wanavyopenda, kwa sababu kwenye bangili mpya wanakutoza na ujira wa kuitengeneza, ukija kuuza kesho ujira ule haurudi. Nikachukua pauni yangu, nikamshukuru, nikatoka. Namsikitikia mjane aliyefika pale bila ya daftari.

Mkunazini nilimjua mzee mmoja ambaye baba yake alikuwa sonara na babu yake sonara. Duka lake dogo, watu wawili wakiingia wa tatu anasubiri barazani. Nilimsalimia, akaniitikia na kuniuliza hali ya nyumbani kabla ya kuuliza nimeleta nini. Nilipoifungua kitambaa hakuigusa mara moja. Akavaa miwani, akaiinua kwa ukingo, vidole viwili tu, akaigeuza polepole chini ya taa.

"Hii lehemu ya zamani," akasema. "Naweza kuikata?"

Nikamruhusu. Akachukua koleo jembamba, akakikata kitanzi bila ya kuikwaruza pauni, akaweka kila kimoja peke yake. Pauni ikasoma gramu 7.94, imelika kidogo kwa kuvaliwa, akanionesha namna nywele za mfalme zilivyolainika. Kitanzi hakikufika hata nusu gramu. Kisha akatoa jiwe jeusi, akausugua ukingo wa pauni mpaka ukaacha mstari wa manjano, pembeni yake akasugua sindano yake ya kulinganishia, ya dhahabu ya karati 22, na chini yake kile kitanzi. Akadondosha asidi kwa kijiti cha kioo. Mistari miwili ya juu ikabaki inang'aa vilevile. Wa kitanzi ukafifia mbele ya macho yangu, ukawa wa kijani.

"Umeona? Kitanzi karati yake ndogo. Anayekupimia pamoja anakudhulumu au anajidhulumu."

Bei yake ya kwanza ilikuwa laki tano na elfu ishirini. Nikafungua daftari. Aliisoma hesabu yangu mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi, akanyamaza, akasema "sawasawa." Tukapatana laki tano na elfu sabini kwa pauni, na elfu kumi na tano kwa kile kitanzi. Akasema angenipa nusu leo, nusu baada ya Idi, kwani Shaaban watu wananunua vitu vya harusi na pesa yake imezunguka.

Hapo nilisita, si kwa kumdhania vibaya. Dhahabu kwa pesa katika dini yetu ni mkono kwa mkono, anayetoa anapokea pale pale. Nilimwambia hivyo kwa upole, na nikasema kama leo hana zote nitarudi kesho na pauni yangu. Akainamisha kichwa kidogo. "Umesema haki, Bi mkubwa." Akamtuma kijana wake duka la jirani, tukakaa tunasubiri, tukanywa kahawa. Zilipokuja tukazihesabu pamoja, noti za elfu kumi kumi, na juu yake noti moja ya elfu tano.

Wakati tunasubiri nilimuuliza na habari ya reale, nilikuwa na moja mkobani. Fedha yake si safi, katika kila mia ni 83 na kitu, uzito gramu 28. Akataja elfu thelathini na tano. Ni bei ya haki ya kuyeyusha, lakini nikaona si ya kuuzia. Maduka ya vitu vya kale kule Hurumzi watalii wanazinunua kwa zaidi. Ila sitamwambia mtalii kwamba reale yangu ina miaka zaidi ya 200 kwa sababu imeandikwa 1780. Huo ni mwaka aliofariki malkia mwenyewe, Maria Theresa wa Austria, na baada yake ziliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile, Vienna, London, Bombay na kwengineko, kwa kuwa Waarabu na Wahabeshi hawakutaka nyengine. Anayeuza kwa uongo wa tarehe anakula haramu.

Fundi aliingia juu ya paa wiki ile ile. Bati mpya zikapigwa upande wote wa chumba cha wajukuu, mbao mbili zilizooza zikabadilishwa, deni la dukani likafutwa, na Ramadhani ile nilipeleka futari kwa majirani kama nilivyokuwa nikipeleka nilipokuwa kazini. Hilo la futari lilinifurahisha kuliko bati.

Tangu hapo nimekwenda hivyo hivyo: siuzi kwa kuona bei imepanda tu, wala siuzi kwa njaa ya wiki moja. Nauza pauni moja panapokuwa na jambo ambalo pensheni haiwezi kulibeba, na kabla ya kutoka naandika hesabu ya siku hiyo. Anayeuza zote kwa mkupuo hujikuta na rundo la noti ndani ya nyumba, na noti zina miguu. Kila ndugu ana shida inayolingana nazo.

Agosti 2020 dhahabu ilipita dola 2,000 kwa mara ya kwanza. Watalii walikuwa wamekatika kwa korona, na mjukuu wa dada aliyekuwa akifanya kazi hotelini pwani ya mashariki alirudishwa nyumbani bila ya mshahara, ana mke na mtoto mchanga. Dada alinipigia simu baada ya sala ya alasiri. Hakunizungumzia mama. Aliniuliza pauni moja sasa inafika ngapi. Nikamwambia nisubiri nipige hesabu, nikachukua kalamu. Ilipita milioni moja.

"Yangu moja haina kitanzi," akasema. "Nimeiangalia, ina ngao."

"Hiyo usiiguse. Chukua yenye farasi. Sonara akikate kitanzi mbele ya macho yako, apime mbalimbali, na asikupe ahadi ya nusu."

"Wewe si utakuwepo?"

Nikamwambia nitakuwepo, kesho saa tatu, tukutane Darajani.