Barabara ya Kapsoit ilivyoniokolea injini

Fundi alizima gari, akafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa cheusi kuliko hiyo mikono, akaniambia, "Mathe, hii injini imeisha. Ringi zimekwenda. Tafuta elfu sabini na tano tukuwekee nyingine ya kutoka Japani." Hapo nilikuwa kwenye gereji moja mjini Nakuru, na nyumbani Bahati trei mia moja za mayai zilikuwa zinangoja kupelekwa soko la Kibuye, Kisumu, alfajiri ya siku ya pili yake. Elfu sabini na tano sikuwa nayo. Hata ningekuwa nayo, ningeilia.

Sikumwona fundi yule kuwa mwizi, na bado simwoni hivyo. Moshi wa gari langu ulikuwa wa buluu kweli, na moshi wa buluu maana yake ni oili inaungua. Hilo halina ubishi. Alikuwa pia amefungua plagi na kupima kompresheni, yaani nguvu ya hewa inapobanwa ndani ya silinda, akapata pauni 140, 138, 141 na 137. Akanionyesha kwenye simu yake kwamba injini ya aina ile inatakiwa kufika 175. Ungefanya nini wewe? Nililipa pesa ya kupimiwa, nikaondoka na moyo mzito.

Jioni nilimpigia kaka yangu, ambaye ameendesha malori tangu ujana wake. Nilidhani angenipa pole, labda na mkopo. Akaniuliza tu, "Moshi unatoka ukipanda ama ukishuka?"

Sikujua. Miezi mitatu nilikuwa nauangalia moshi ule kwenye kioo, na kamwe sikuwa nimejiuliza unakuja saa ngapi.

Akanieleza. Oili ina njia mbili kuu za kuingia pale petroli inapoungulia. Inaweza kupanda kutoka chini, ikipenya kando ya ringi, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni, zikiwa zimelika. Au inaweza kuteremka kutoka juu, kwenye vijiti vya vavu, ile milango midogo ya kuingizia hewa na kutolea moshi, ikiwa vile vimpira vinavyoizuia oili, yaani vavu sili, vimekauka na kuwa vigumu kama kucha. Rangi ya moshi ni ile ile kwa vyote viwili. Saa yake ndiyo tofauti. Ringi zikilika, gari hutoa moshi likifanya kazi ngumu: limebeba mzigo, linapanda, umekanyaga mafuta mpaka chini. Sili zikichoka, moshi hutoka asubuhi ukiwasha, kwa sababu oili imedondoka usiku kucha, na hutoka tena mwisho wa mteremko mrefu ukikanyaga mafuta.

Basi nikamchukua mpwa wangu, aliyekuwa amemaliza Kidato cha Nne na hana kazi, nikampa daftari na kalamu. Kazi yake ilikuwa kugeuza shingo na kuangalia nyuma kati ya trei za mayai kutoka Bahati hadi Kisumu. Shingo ilimuuma siku mbili. Nilimlipa.

Saa kumi alfajiri tuliwasha. Wingu dogo la buluu, harufu ya oili iliyoungua, kisha likaisha kabla hatujafika langoni. Akaandika. Tulivuka mji, tukaipata Salgaa mapambazuko, na kutoka hapo ndipo mlima wa kuelekea Sachang'wan unapoanza. Nilitia gia ya pili, mzigo wote nyuma, nikakanyaga. Kama ringi zangu zilikuwa zimekufa, hapo ndipo mahali pa kukiri. Nikamuuliza mara tatu.

"Anti, hakuna kitu. Lori lililo nyuma yetu ndilo linatoa."

Mau Summit, hakuna kitu. Kedowa, Kericho, majani ya chai yamelowa umande, hakuna kitu. Tulipopita Kapsoit barabara ikaanza kuteremka kuelekea Awasi, nami nikafanya nifanyavyo siku zote: gia ya tatu, mguu nje ya mafuta, gari likishuka polepole kwa nguvu za injini. Mayai hayataki breki za ghafla. Moshi haukutoka njia nzima ya kushuka. Barabara ilipotulia nikakanyaga mafuta, na kwenye kioo nikaona boda aliyekuwa nyuma yetu akipotea kabisa. Alipojitokeza alikuwa ameziba pua kwa kola ya koti.

Mpwa wangu aliandika neno moja kubwa: HAPA.

Sababu yake nilieleweshwa baadaye, na ni nzuri. Ukitoa mguu kwenye mafuta, mlango wa hewa unafungwa, lakini pistoni zinaendelea kuvuta kwa sababu magurudumu yanazizungusha. Ni kama mtoto anayenyonya mrija ulioziba: shavu linaingia ndani. Mvuto ule unaitafuta hewa popote, na kama sili za vavu ni mbovu, unavuta oili badala yake. Oili inajikusanya kule. Ukikanyaga mafuta tena, yote inaungua kwa pamoja. Kwa hiyo uendeshaji wangu wa upole, wa kulinda mayai, ndio uliokuwa unanipigia moshi mkubwa kuliko madereva wengine wenye sili mbovu kama zangu.

Kisumu, mteja wangu mmoja wa Kibuye alinipeleka kwa mzee fundi anayefanyia kazi chini ya mti, si mbali na soko. Nilimpa daftari. Alilisoma lote, akavua miwani, akaniambia, "Mama, wewe umeshafanya nusu ya kazi yangu."

Kwanza alichomoa kile kivavu kidogo cha kupumulia injini, akakitikisa sikioni. Kililia, maana yake hakijaziba. Kikiziba nacho huleta moshi wa buluu, na bei yake ni ndogo, kwa hiyo ni ujinga kutoanzia hapo. Kisha akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, akaweka kiganja juu. Hapakuwa na moshi wala mapigo ya hewa ya kusukuma mkono. Ndipo akapima kompresheni: 152, 150, 153, 149.

Nikashtuka. Jana yake 140, leo 152? Injini imepona njiani?

Mzee alicheka sana. Nakuru iko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Injini inavuta hewa iliyoko, haina nyingine. Ile 175 ya kitabuni ni ya pwani. Ukiipunguza kwa urefu wa Nakuru unapata 140 hivi, nambari zile zile nilizoambiwa ni za maiti. Kisumu iko chini zaidi, mita 1,130 hivi, kwa hiyo geji inapanda. Muhimu, alisema, ni silinda zote nne kukaribiana. Kisha akamimina kijiko kimoja cha oili katika kila tundu la plagi na kupima tena. Kama ringi zimelika, oili ile inaziba mwanya na nambari inaruka juu. Zangu zilipanda pauni nne, tano. Ringi zilikuwa nzima.

Kazi yenyewe ilichukua siku nzima, nami nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikitazama. Nilidhani lazima hedi, kile kipande cha juu cha injini chenye vavu, ishushwe. Mzee aliiacha mahali pake. Tatizo la kubadilisha sili hedi ikiwa imefungwa ni kwamba ukiondoa springi ya vavu, vavu inaweza kudondokea ndani ya silinda. Gereji kubwa hujaza silinda upepo wa kompresa. Yeye alichukua kamba laini ya kuanikia nguo, akaingiza karibu yote kupitia tundu la plagi huku akiacha ncha nje, kisha akazungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ikaibana kamba dhidi ya vavu. Vavu haiendi popote. Akamaliza silinda ile, akarudisha pistoni chini, akavuta kamba, akahamia nyingine. Sili 16. Zile kuukuu alinipa mkononi. Nilijaribu kukunja moja ikavunjika kama biskuti.

Sili zilinigharimu 2,400, kazi 6,000. Nilirudi Nakuru na elfu sitini na sita na kitu ambazo kwa kweli sikuwahi kuwa nazo.

Tangu hapo nimekuwa kama daktari wa mtaa, na wagonjwa wengi wanaoletwa kwangu ni wazima. Juni na Julai, Nakuru ikipigwa na baridi, kila gari linatoa moshi mweupe asubuhi na kila jirani anadhani gasketi ya hedi imeungua. Ule ni mvuke tu. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji, na bomba likiwa baridi mvuke unaonekana. Wa kuogopa ni mweupe mzito ambao hauishi hata injini ikipata moto, unaoning'inia hewani, una harufu tamutamu ya kulanti, kile kimiminika cha kupozea injini, na maji ya rejeta yanapungua bila kuona yanakovujia. Huo usiusafirie hata Njoro. Na kwa jina la Mungu, usifungue rejeta ikiwa moto ili kuhakikisha.

Mweusi kwenye gari la petroli sina mengi ya kuueleza, ni petroli nyingi kuliko hewa. Wangu ulitokea mara moja, kiangazi, vumbi la barabara za mashambani lilipokuwa limejaza filta ya hewa ikawa kama tofali. Filta mpya, basi.

Zamani niliongeza nusu lita ya oili kila safari mbili za Kisumu. Sasa safari nne zinapita na alama kwenye kijiti imeshuka kwa upana wa ukucha. Si kwamba gari limekuwa jipya. Likilala siku tatu bila kuwashwa, bado linakohoa kiwingu chembamba cha buluu asubuhi. Mzee alikuwa ameniambia mapema kwamba mirija inayoshika vijiti vya vavu nayo imelika kidogo, na dawa yake ni kushusha hedi. Nilimuuliza inaweza kungoja. Alisema inaweza kungoja mpaka Desemba, bei ya mayai ikipanda.