Mfupa wa Nani?

Mdogo wangu ameruhusiwa kutoka hospitalini leo. Tumempandisha ngazi hadi orofa ya tatu pole pole, Mama akifuata nyuma na magongo. Sasa amelala, mguu juu ya mito miwili. Mimi nimebaki sebuleni na swali ambalo Mama alimwuliza daktari kabla ya upasuaji: "Ni mfupa wa nani?"

Muundi wake ulivunjika mwaka jana, boda boda aliyopanda ilipogongwa Outering Road. Alitiwa chuma, mfupa ukakataa kuunga. Wakachota mfupa wa nyonga yake mwenyewe wakaujaza kwenye pengo. Huo ndio bora kuliko wote kwa sababu una chembe hai, lakini haukutosha, na nyonga haichotwi bila mwisho. Mpaka leo ile nyonga humsumbua kuliko mguu. Safari hii wamechanganya kidogo cha upande wa pili na mfupa wa kuchangiwa, uliokaushwa na kuletwa kutoka ng'ambo.

Mama alinyamaza aliposikia hivyo. Kwetu mtu huzikwa na viungo vyake vyote.

Daktari akavuta kiti akaketi. Nitamshukuru daima kwa kuketi. "Mama, huenda ni wa marehemu ambaye jamaa zake walikubali. Lakini wako pia wanaotoa wakiwa hai." Mtu anapowekewa nyonga ya bandia, kichwa cha mfupa wa paja hukatwa na kutolewa. Kisipohifadhiwa, hutupwa. Akikubali, damu yake hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende, na baadhi ya benki za mifupa humpima tena baada ya miezi 6, mfupa ukingoja kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

Je, mwili hautaukataa, kama figo? Daktari akasema mfupa uliosafishwa na kukaushwa hauna chembe hai, kwa hivyo hatahitaji zile dawa ambazo waliopandikizwa figo humeza maisha yao yote. Akaonyesha dirishani, ng'ambo ya barabara, jengo lililozungushiwa mirunda. "Mfupa huu ni kama ile mirunda. Mwili wake utaupanda, ujenge wake, huku ukiuondoa kidogo kidogo." Kazi ya miezi mingi, pengine miaka.

Usiku ule nilisoma habari za William Macewen, daktari wa Glasgow. Yapata 1880 aliujenga upya mkono wa mtoto mdogo kwa vipande vya mifupa alivyokata kwenye miguu ya wagonjwa wenye matege aliokuwa akiwanyoosha. Nililia. Mabaki ya maumivu ya mtu mmoja yakawa mkono wa mwingine.

Damu ilipohitajika, niliandika kwenye kundi la familia na asubuhi walikuja watu wanane. Bili tulichangishana. Mfupa hatukuwa na wa kumwomba, na nyumbani hatujawahi kulizungumzia jambo hili hata mara moja. Linaniuma.

Mama mwenyewe anachechemea. Nyonga yake ya kushoto imesagika, na ameahirisha upasuaji miaka miwili. Jioni hii, akimenya viazi, ameniuliza bila kuinua macho: "Huyo daktari tunamwona tena lini?"

Nimemwambia Alhamisi ijayo.

"Nitakuja. Nataka kumwuliza kama wangu, mzee hivi, unaweza kumfaa mtu."