Bruda la kanga: hatimaye hakuna anayepiga msamba

Kundi hili la vifaranga vya kanga limemaliza wiki ya kwanza ndani ya bruda (kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga) na miguu yote iko sawa. Taa ni ile ile, joto 35°C, chakula ni kile kile cha vifaranga vya bata mzinga. Kilichobadilika ni sakafu.

Kifaranga wa kanga hutoka na gramu 25 hivi na kuanza mbio mara tu anapokauka. Juu ya gazeti, hasa likilowa, vidole havipati pa kushika. Miguu inatanuka, na asipofungwa plasta mapema anabaki hivyo. Ukikimbilia maranda matupu unakutana na balaa la pili: siku za mwanzo hajui chakula ni kipi, anadonoa chochote. Firigisi inajaa maranda, unadhani ameshiba kumbe anakonda. Vumbi la mbao ndilo baya zaidi.

Kilichokubali: maranda makavu ya msonobari, kina cha sentimita 5, yakafunikwa kwa tishu za jikoni zile zenye vinundu, tabaka mbili, kingo zikabanwa chini ya duara la hadibodi. Chakula cha siku ya kwanza kinanyunyizwa juu ya tishu. Tabaka la juu likichafuka linatoka, jipya linawekwa. Kuanzia siku ya tano tishu inaondolewa kipande kipande, ukianzia mbali na chakula.

Gunia la katani, sitaki hata kulisikia: nyuzi zinajiviringisha kwenye kidole mpaka kinavimba. Pumba za mpunga hazinyonyi maji vya kutosha, labda wakikua, tena zichanganywe na maranda.

Kwa seremala uliza kwanza anaranda mbao gani. Mbao za paa zilizotiwa dawa huwa na rangi ya kijani, na dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromi na arseniki. Ukiona vipande vya kijani, acha rundo zima. Mtarakwa na mkafuri vina harufu kali mno kwa mapafu madogo. Maranda yenye ukungu hata usiyaanike, maana jua linakausha tu, vijimbegu vya ukungu vinabaki na kuingia mapafuni.

Unyevu mwingi chanzo chake ni chombo cha maji. Finyanga maranda ya hapo mkononi: yakibaki donge, toa, la sivyo koksidia (vimelea vya utumbo vinavyoleta kuhara) inakuja. Kokoto ndani ya kijaluba cha maji zinazuia kifaranga kuzama, ila hazizuii kumwaga.

Jaribio lililofuata lilikuwa kulinganisha pumba na maranda. Imeahirishwa, kwa sababu trei yenye wavu wa matundu ya robo inchi chini ya chombo cha maji imekausha eneo lile kabisa, na sasa naipanua ifike robo ya bruda. Wavu wa nusu inchi haufai, mguu unazama.